Kicheko Kilichokatwa

Mimi kalamu siijui. Shule niliiona kwa mbali nikaipungia mkono, nayo ikanipungia, tukaachana kwa amani. Haya ninayosimulia anayaandika jirani yangu, fundi cherehani wa hapa Chanika, Handeni, na sharti nililompa ni moja: asikate kitu. Vitambaa akate anavyotaka, maneno yangu asikate. Nikikohoa aandike nimekohoa. Nikicheka aandike nimecheka. Sababu mtaiona huko mbele.

Kazi yangu ni mdomo. Nalima, ndiyo, nani Handeni halimi, lakini mahindi yanangoja mvua, na mvua ya kwetu inakuja ikijisikia. Mdomo haungoji mtu. Mimi ni mshenga. Kijana akitaka kuoa, wazazi wake wananifuata, navaa kanzu na koti, naenda kwao binti kusema. Kuna kijana mmoja alikuwa na sura mbaya mpaka mbwa wake mwenyewe anambwekea akirudi nyumbani. Nikamposea binti ambaye jua likimwona linaona haya, linaingia mawinguni. Wazee wa binti walicheka mpaka wakasahau kuuliza kijana anafananaje. Sasa wana watoto, na watoto wamefanana na mama, Mungu mkubwa.

Mwaka wa kisa hiki nilikuwa nangoja posa moja iliyo kubwa kuliko zote. Mjukuu wangu alikuwa amempata binti Mnyuzi, kule kwenye reli, na tulishakubaliana kwamba tukivuna tu tunakwenda. Watoto wa watu nimewasemea maisha yangu yote. Huyu alikuwa wa kwangu. Nilikuwa nafanya mazoezi shambani, nayaposea mahindi. Yote yalikubali.

Ndipo wakaja watu wa chuo.

Walikuja na gari nyeupe, wakakaa zahanati, wakatangaza msikitini na kanisani kwamba wanafanya utafiti wa wazee. Eti wanataka kujua tunavyozeeka, tunavyotembea, tunavyokumbuka, ili wawafundishe wauguzi namna ya kutuhudumia. Mkubwa wao alikuwa daktari bingwa wa wazee. Mwe! Mimi mabingwa niliowajua ni wa mpira. Sikujua na uzee una kombe lake.

Kila mzee alipewa mwanafunzi wa kumfuata nyumbani. Wa kwangu alikuwa binti wa Vugiri, Mshambaa, mwembamba kama ufito, koti jeupe limempwaya. Akaja uani kwangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba ya nini? Tangu lini mke akamwamkia mumewe shikamoo?"

Pale ndipo nilipompima. Mtu wa mbali angeshtuka. Huyu hakushtuka. Kwetu babu na mjukuu ni watani, babu anamwita mjukuu mke wake, na mjukuu akiwa na adabu anajibu vizuri. Akaweka mkoba wake chini, akaniangalia toka kofia mpaka ndala.

"Haya mume wangu. Umekula? Maana nimepanda na kushuka milima kuja kukuona, na nyie Handeni nasikia mgeni mnamkaribisha kwa kumwonyesha mtungi, maji hamna."

"Na nyie wa Vugiri mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, kwa sababu ya mteremko. Nimekuona ulivyoingia hapa, ulikuwa unatafuta mlima wa kuegemea."

Alicheka, jamani. Alicheka akashika nguzo ya kibanda. Kicheko chake kilikuwa kama kuku anayefukuzwa jikoni, kinapanda, kinakwama, kinapanda tena. Nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Alikuja siku nyingi. Alinipima nguvu ya mkono kwa kuniminyisha kidude, nikamwambia nikiminya sawasawa kitatoa juisi. Aliniambia niinuke kitini, nitembee mpaka kwenye mti wa mlonge, nirudi nikae, yeye anaangalia saa. Nikaenda, nikarudi, nikamuuliza nimeshika namba ngapi. Alinitajia maneno matatu niyaweke kichwani, baadaye atayauliza: ndoo, kiatu, mbuzi. Alipouliza nikamwambia ndoo haina maji, kiatu kimeibiwa msikitini, na mbuzi ndiye shahidi lakini hataki kusema. Kuku akafukuzwa jikoni tena.

"Babu, leo ni siku gani?"

"Siku ya mke wangu kuja."

"Nichoree basi saa tano asubuhi."

Nikachukua kalamu yake, nikachora nyumba na jua juu ya paa. Saa tano jua linakaa pale. Kama hataki, aende akalihamishe.

Halafu siku moja akatoa simu. Akasema, "Mume wangu, naomba nikurekodi. Mwalimu wetu ataitumia kuwafundisha wauguzi na wahudumu wa afya, kwenye semina kule Korogwe. Unakubali?"

Kufundisha! Mimi, niliyeipungia shule mkono! Nilikwenda kunawa uso, nikavaa kofia mpya, nikakaa kama mkuu wa wilaya. Akaanza na utani wetu wa mume na mke, akayarudia maswali yake yote, ya siku na ya ndoo, kiatu, mbuzi, nami nikajibu vile vile. Kisha nikamtolea mzigo wangu mkubwa, ile ya simba.

Ile ya simba ninaisimulia kwenye harusi. Nilikuwa natoka Korogwe na baiskeli, nimepakia gunia la chumvi, nikafika kwenye kilima nikachoka. Mara nikasikia baiskeli imekuwa nyepesi. Kugeuka, simba anasukuma. Kaweka mikono yake juu ya gunia, anahema, jasho linamtoka masharubuni. Tulipofika juu akaniambia, mzee, nipe maji basi. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi mtu wa Handeni. Simba akaniangalia kwa huruma, akaenda kunitafutia maji yeye. Na juzi tu nimemwona tena pale sokoni, kazeeka, akaniamkia shikamoo.

Binti alicheka mpaka simu ikatetemeka. Akasema, "Mume wangu utaniua!" Nikamwambia asife kwanza, marehemu mke wangu mkubwa hajakubali uke wenza, na jana tu alikuja kunigombeza kuhusu yeye. Akacheka tena. Alipoondoka nilisikia kicheko chake mpaka alipopinda kwenye duka la Mhindi.

Basi siku ya semina ikafika. Walisema kila mzee aje na ndugu yake mmoja, nikaenda na mwanangu, baba wa huyu mjukuu wa kuoa. Nilivaa kanzu ya posa. Mwanangu aliniuliza, "Baba, kanzu ya nini, tunakwenda semina." Nikamwambia mwalimu hafundishi na shati la shamba.

Ukumbi wa Korogwe ulikuwa umejaa wauguzi. Tulipewa soda na sambusa, tukakaa viti vya mbele sisi wazee. Bingwa akasimama akazungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema mzee asisemeshwe kama mtoto. Alisema ukiongea na mzee kaa chini, macho yako yalingane na yake. Alisema mzee akianguka usimwinue kama gunia. Nilipiga makofi mimi wa kwanza.

Kisha taa zikapunguzwa, na mimi nikatokea ukutani, mkubwa kama nyumba.

Nikamgusa mwanangu. "Unaniona?"

"Nakuona, baba."

Kule ukutani nikasema, "Wewe ni mke wangu." Halafu kimya. Nikangoja binti ajibu, haya mume wangu, umekula. Hakujibu mtu. Picha ikaruka kidogo, kama mtu aliyepepesa jicho, nikatokea tena nasema mbuzi ndiye shahidi lakini hataki kusema. Kimya. Picha ikaruka. Simba anasukuma baiskeli. Kimya. Simba ameniamkia sokoni. Kimya. Marehemu mke wangu amekuja jana kunigombeza. Kimya kirefu kuliko vyote, na mimi pale ukutani najichekea peke yangu, meno mawili nje, namwangalia mtu ambaye hayupo.

Kicheko chake kilikuwa kimekatwa. Chote. Maswali yake waliyabakiza, majibu yake ya utani hayapo. Kuku wote waliofukuzwa jikoni, hakubaki hata mmoja.

Bingwa akawaambia wauguzi kwa sauti ya upole, "Mnaona? Mzee wetu ni mchangamfu, anapendeza. Lakini anamwona mwanafunzi ni mkewe. Anaona wanyama wanaongea. Anamwona marehemu. Hajui siku. Huu ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na familia nyingi hazigundui kwa sababu mzee anachekesha."

Ukumbi mzima ukaguna, lile guno la msibani.

Nikamtafuta binti. Alikuwa amekaa pembeni karibu na ile mashine ya picha, anaangalia viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona. Nikasimama.

"We binti! Kicheko chako kiko wapi?"

Hakuinua kichwa.

"Si ulicheka? Si ulishika nguzo? Waambie basi! Waambie mimi ni mume wako!"

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Watu wakatazamana. Muuguzi mmoja mama mtu mzima akaja mbio, akachuchumaa mbele yangu, macho yake yakalingana na yangu kama alivyofundishwa muda huo huo, akanishika mkono. "Kaa babu. Usichoke. Mkeo yupo nyumbani, atakuja."

Nikamwambia, "Mama, mke wangu amekufa, najua alipo, nilimzika mimi."

"Ndiyo babu, ndiyo," akasema, akanipangusa sambusa kwenye ndevu.

Sijawahi kukosa la kusema katika maisha yangu. Siku ile nililikosa, maana kila neno nililonalo lilikuwa limeshageuka dalili.

Tulirudi Handeni na mwanangu. Alininunulia maji njiani, akanifungulia kizibo. Ninyi mnaweza kuona ni heshima. Mimi na yeye tumelima pamoja, mkono wangu ndio uliomfundisha kufungua kila kitu anachokijua. Nikaishika ile chupa sikuinywa.

Nyumbani mambo yakabadilika polepole, kwa upendo, na upendo wa namna ile hauna pa kuushika ukaugombeza. Baiskeli ikahamia chumbani kwa mwanangu, ikafungwa na kufuli. Kiberiti kikaondoka jikoni kwangu. Mkwe wangu akawa ananiletea uji akiita kwa sauti ya kuamshia wafu, "BABA! UJI HUU! NI UJI!" Nikamwambia naona ni uji, si bahari. Akamwangalia mumewe.

Jioni moja mwanangu akaja akakaa kwenye kigoda.

"Baba, ile posa ya Mnyuzi."

"Nimeshaiva. Nina maneno yatakayomwangusha babu wa binti kitini."

"Nimeongea na baba mdogo. Atakwenda kusema yeye."

Mdogo wangu huyo ni mtu mzuri sana, ana swala tano na ng'ombe wengi, lakini akizungumza hata nzi wanasinzia. Akitoa pole msibani, wafiwa wanaanza kumpa pole yeye.

"Kwa nini yeye?"

"Baba, umesikia walivyosema. Ukianza habari za simba pale mbele ya wakwe?"

"Ile ya simba umeisikia tangu unanyonya! Ulikuwa unaililia nikuhadithie!"

"Ndiyo," akasema, na sauti yake ikashuka, "lakini baba, mimi sijui tena ilikuwa hadithi tangu lini."

Huyo ni mwanangu. Alikaa na mimi miaka yote, binti wa chuo alikaa na mimi wiki chache, na ukuta wa Korogwe ulikaa na mimi muda wa kumaliza soda. Akauamini ukuta.

Siku zikapita, binti akaja. Akapiga goti. "Shikamoo babu." Nikaitikia marahaba, basi. Akangoja utani. Haukuja. Akakaa chini kwenye jamvi, akaanza kulivuta uzi.

"Babu, umenikasirikia."

"Ulijua natania au hukujua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu shikamoo ya kwanza. Kwetu na babu yangu tunafanya hivyo hivyo." Akavuta pumzi. "Babu, mwalimu alitaka mfano wa kufundishia. Wazee wengine niliowatembelea walikuwa wanajibu ndiyo na hapana. Wewe peke yako ndiye uliyezungumza. Nikaona nikiondoa kicheko na utani wangu tu, itafaa. Mwalimu mwenyewe hajui kama nilikata. Na watu wanafaidika, babu, wauguzi wale sasa wataujua ugonjwa wakiuona."

"Wameuona wapi? Mimi sina."

Akaendelea kuvuta uzi.

"Sikugombezi," nikamwambia. "Nakuomba kitu kimoja. Mwanangu yule pale, anapukuchua mahindi. Nenda ukamwambie ulicheka. Neno moja tu. Nina posa ya mjukuu wangu, nataka kusema mimi."

Aliinuka, akapangusa sketi. Nikamwona anakwenda, nikamwona anasimama mbele ya mwanangu, nikasogeza kigoda nisikie. Alisimama pale muda, mdomo ukafunguka, ukajifunga. Mwisho akasema, "Kaka, mwangalieni vizuri babu." Akatoa kwenye mkoba kopo la vidonge vya kutia nguvu akamwachia. Kisha akapinda kwenye duka la Mhindi, na safari hii sikusikia kitu.

Nimedanganywa na watu wengi, hasa wauza mbuzi. Wale wanakudanganya hujui. Huyu nilimwona kwa macho yangu akichagua.

Mnyuzi nilikwenda, nilipelekwa kama mzigo wa kusindikiza. Nikawekwa nyuma karibu na mlango. Mdogo wangu akafungua posa, akasema tumekuja kutafuta jiko, akanyamaza, kamaliza. Babu wa binti, mzee mmoja mcheshi wa macho, akafanya ile desturi ya kukataa kwanza ili upande wa pili uonyeshe mdomo wake.

"Hapa jiko hatuna. Tuna mbuzi mmoja tu, naye ana homa."

Mdogo wangu akafikiri. "Poleni sana. Basi tutarudi akipona."

Akaanza kutafuta viatu vyake. Wallahi alianza kutafuta viatu! Wale wakwe wakatazamana, mama wa binti uso umemshuka, na mjukuu wangu kule pembeni amekuwa mweupe kama unga wa sembe. Mkono wa mwanangu ulikuwa juu ya goti langu tangu mwanzo. Niliuondoa.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "huyo mbuzi asihamishwe, daktari wake tumekuja naye, ndiye huyu kijana. Huyu alimtibu tembo mafua kule kwetu. Tembo akapiga chafya moja, Handeni ikanyesha wiki nzima. Si mnaona leo tumekuja tumeoga?"

Nyumba ilipasuka. Babu wa binti alijipiga mapaja. Bibi wa binti, mama mmoja mnene wa kanga ya njano, alilia machozi, akanipigia kelele, "Huyu mlimficha wapi? Msemaji yuko mlangoni, mnatuletea mpiga miayo!" Nikasogezwa mbele. Nikasema, wakanijibu, nikasema tena, treni ikapita pale nje nikaiingiza na yenyewe kwenye posa, na kabla chai haijapoa tulikuwa tunapanga siku ya ndoa. Nilikuwa mimi. Tangu Korogwe sikuwa mimi, na pale nilikuwa mimi.

Chai ilipokuja nikamwona mwanangu amemwinamia baba wa binti sikioni. Nina masikio ya sungura, nimeshasema mimi si mgonjwa.

"Mtusamehe kwa mzee. Madaktari wamesema ana ugonjwa wa kusahau. Anaona wanyama."

Neno likapita mkekani kama chawa, kutoka kwa baba kwenda kwa babu, kutoka kwa babu kwenda kwa yule bibi wa kanga ya njano. Nikaliona linapofika. Mdomo wake ulikuwa bado wazi kwa kicheko, akaufunga. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akanikorogea chai, akapuliza.

"Kunywa babu," akasema. "Taratibu. Ni ya moto."

Kijana ameoa. Namshukuru Mungu. Ananipenda, mkewe ananipenda, wote wananipenda, sijapata kupendwa hivi. Posa nyingine hazijaja. Watu wa hapa Chanika wananiamkia wakipita, halafu wanaongeza mwendo kidogo.

Siku hizi mtu akiniuliza kuhusu ile safari ya baiskeli nasema ilipata pancha, nikaisukuma mpaka nyumbani. Mwanangu akisikia hivyo anafurahi, anamwambia mkewe vidonge vinafanya kazi. Vidonge nawatupia kuku. Ndoo, kiatu, mbuzi. Na kuku wangu sasa wamekuwa na kumbukumbu ya kutisha, jogoo anamjua kwa jina kila mgeni aliyemla mama yake, akimwona anamtajia sikukuu yenyewe na sufuria iliyotumika.

Fundi, hapo andika nimecheka. Usiniangalie hivyo. Andika tu.